Shangazi Aliyefundisha Meno kwa Hasira

Kwa miaka ishirini na miwili shangazi yangu alifanya kazi ya kushika vichwa vya mbwa. Hivyo ndivyo mwenyewe alivyopenda kuieleza. Mtu akimuuliza, "Unafanya kazi gani, mama?" alijibu, "Nashika vichwa vya mbwa," na aliyeuliza akicheka, Shangazi alimkazia macho mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kwenye karatasi aliitwa msaidizi wa daktari wa wanyama, katika zahanati yenye mlango wa kijani kwenye mtaa wenye mafundi saa, maduka ya vitambaa na kinyozi mmoja. Alichemsha vyombo, alifuta meza, aliita wateja kwa zamu. Lakini kazi hasa ilikuwa ile ya vichwa. Kumtuliza mbwa anayetaka kuuma, kumkumbatia paka aliyegeuka kisu, kuwanong'oneza mpaka sindano imeingia na kutoka.

Ukishika kichwa cha mbwa kwapani, mdomo wake uko puani mwako. Ndivyo Shangazi alivyojifunza meno. Hakuna aliyemfundisha. Alijua harufu ya fizi zinazoanza kuvimba na harufu ya jino lililokwisha kuoza, kama mpishi anavyojua mafuta yaliyochacha kabla hajaonja. Mara ngapi alimwambia Daktari, "Huyu fizi zake zinavuja damu," na Daktari akamjibu bila kuinua macho, "Kaletwa kuchanjwa. Tumchanje aende." Kwa Daktari, meno ya mnyama yalikuwa kitu cha kung'oa yakifika mwisho. Kabla ya hapo hayakuwapo.

Sisemi alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Bibi yangu alipofariki, alifunga zahanati siku nzima akaja kuzika pamoja nasi, akabeba jeneza kwa bega lake. Ndiyo maana aliyomfanyia Shangazi yaliingia ndani sana. Adui akikupiga unajua umepigwa. Mtu aliyekuzikia mama akikupiga, hujui ushike wapi panapouma.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mabenchi ya ukumbi wa kungojea yamejaa. Bibi mmoja tuliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, alimleta mbwa wake mdogo mweupe, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Chonge la chini la mbwa yule lilikuwa linacheza. Daktari alilitikisa kwa kidole, akasema litoke leo leo. Mbwa akapewa dawa ya usingizi, akalala. Shangazi alipomfungua mdomo vizuri aliona fizi zimerudi nyuma mpaka mizizi ya meno iko wazi, na usaha mwembamba ukatoka alipobonyeza.

"Daktari, tupige picha kwanza," akasema. "Mfupa wa huyu umeliwa."

Mashine ya eksirei ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa shuka. Kuiandaa kulichukua kama dakika ishirini.

"Jino linatikisika lenyewe, unataka picha ya nini?" Daktari akasema. "Ya harusi?"

Akashika koleo, akazungusha. Shangazi alisikia mlio mmoja mdogo, kama njiti ya kiberiti ikikatika. Jino lilitoka. Na taya la chini, upande ule, likaning'inia.

Daktari aliweka koleo chini. Kisha akaenda kwenye sinki akanawa mikono, akanawa tena, kwa muda mrefu kuliko Shangazi alivyowahi kumwona akinawa. Alipomaliza akafungua mlango, akatoka ukumbini. Shangazi akamsikia kwa masikio yake akisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Mwalimu, nasikitika sana. Msaidizi wangu amemdondosha mbwa wako kutoka mezani. Taya limevunjika."

Shangazi alitoka vilevile alivyokuwa, mikono ina damu. Kwenye mabenchi kulikuwa na watu kumi na mmoja na paka watatu. Aliwahesabu baadaye mara nyingi, usiku na mchana, mpaka nami nikawajua.

"Sikumdondosha," akasema.

"Usiongeze uongo juu ya uzembe," Daktari akamjibu. "Vua koti."

Mwalimu alikuwa amesimama, mkoba kifuani. Alimtazama Shangazi mikononi, hakumtazama usoni. "Mikono kama hiyo," akasema, "haifai kushika kiumbe hai."

Shangazi akavua koti, akalikunja mara nne, akaliweka mezani kwa mpokea wageni, akatoka. Mpokea wageni alituambia baadaye kwamba mbwa alipigwa picha, akafungwa taya kwa bendeji, akalishwa uji kwa bomba la sindano. Aliishi siku kumi na tisa.

Siku mbili Shangazi alilala amegeukia ukuta. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, akaenda kumkalia kitandani. "Dada," akamwambia, "mwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi," Shangazi akajibu, bado amegeukia ukuta. "Hii nitamsaidia."

Siku ya tatu alioga, akavaa, akaja kwangu. Mimi ni fundi cherehani, na wakati ule nilikuwa nashonea kwenye kibaraza cha nyumba yetu nikitafuta chumba cha mjini. Akaniuliza, "Kile chumba kinachotazamana na zahanati, bado kitupu?"

Nikaelewa. "Shangazi, pale hawapiti wateja wa nguo."

"Watapita."

Nilijua ningeweza kukataa. Lakini yeye ndiye aliyenilea miaka ile mama yangu alipokuwa mgonjwa, na isitoshe, nami nilikuwa nimekasirika. Wiki iliyofuata cherehani zangu mbili zilikuwa ndani ya chumba kile, na kutoka kwenye kiti changu niliuona mlango wa kijani kama unavyoona sahani yako mwenyewe.

Nilidhani atasimama kizingitini amtukane. Nilipomwambia hivyo akatikisa kichwa. "Nikimtukana, watasema nimerukwa na akili, na yeye atapata wa kumwonea huruma. Mimi nitawafundisha wateja wake kufungua midomo ya wanyama wao. Basi. Watajionea wenyewe alichokuwa anakiruka kila siku. Sitamgusa hata kwa ukucha. Watu wake ndio watakaomgusa."

Aliyasema hayo anachambua uzi uliojikunja, kwa utulivu wa mtu anayepanga safari.

Akaniomba kitambaa kipana cheupe. Nilimchorea juu yake mdomo wa mbwa uliofunguliwa, mkubwa kama mlango, na yeye akanisimamia. Hapa paka rangi ya manjano, huu ndio ukoga. Hapa nyekundu, fizi iliyovimba. Hapa nyeusi, shimo. Tukakitundika nje, kikaangalia ng'ambo. Mtu yeyote aliyekuwa akitoka kwa Daktari alitoka akakutana uso kwa uso na mdomo ule. Chini tuliandika: Jumamosi saa nne, njoo na mnyama wako ujifunze meno yake.

Wa kwanza walikuwa watatu, na mmoja alikuja kwa sababu ya mvua. Shangazi hakujali. Alikuwa na mbwa wake mzee, jike mwenye manyoya ya kahawia, aliyeachwa na jirani aliyefariki, na kwa sababu hiyo tulimwita Mjane. Mjane alikaa juu ya meza yangu ya kukatia nguo kama bibi harusi anayepakwa rangi, akavumilia kila kitu.

"Msianze na mswaki," Shangazi aliwaambia. "Ukianza na mswaki, umetangaza vita, na yeye ana meno arobaini na mawili, wewe una mangapi? Wiki ya kwanza inua mdomo tu. Hivi. Umwambie maneno mazuri, umwachie. Wiki ya pili, kitambaa chenye unyevu kwenye kidole, upapase meno kwa nje. Kwa nje ndiko ukoga unakojaa zaidi, ndani ulimi unajitahidi. Akizoea, ndipo ulete mswaki laini, uushike ukiwa umelala kidogo kuelekea kwenye fizi, sekunde thelathini kulia, sekunde thelathini kushoto. Kila siku. Ukoga ukiachwa siku mbili tatu unaanza kugeuka jiwe, na jiwe halitoki kwa mswaki hata usugue mpaka kesho."

"Na dawa ya meno?" mtu akauliza.

"Yenu iacheni bafuni. Umeona wapi mbwa anasukutua na kutema? Atameza, na humo mna vitu vinavyomdhuru. Ipo iliyotengenezewa wao. Ukikosa, maji matupu. Kinachofanya kazi ni mkono wako."

Mwanamke mwenye duka la vitambaa alisema mbwa wake husafisha meno kwa kutafuna mifupa. Shangazi akamwambia auchukue mfupa huo ajigonge nao gotini. "Ukikuumiza, ni mgumu kuliko jino lake. Siku moja utavunja gego, na hatakwambia. Mbwa hasemi jino linauma. Atahamia upande wa pili, atakula, na wewe utasema hana tatizo, mbona anakula."

Nilikuwa nasikiliza huku nashona. Niliwashonea kofia ndogo za kidole kutoka kwenye mataulo yaliyochakaa, na zikapendwa. Lakini kila somo lilikuwa na mkia, na mkia ndio uliokuwa na sumu.

"Sasa sikilizeni," alisema mwishoni, kila Jumamosi, kwa maneno yaleyale. "Mkikuta jiwe, mkikuta damu, mkikuta jino linacheza au harufu inayokuondoa chumbani, wekeni mswaki chini. Hiyo si kazi yenu, wala si yangu. Nendeni kwa daktari. Na mumuulize mambo matatu. Utamlaza? Utapiga picha? Utasafisha na chini ya fizi, au juu tu pa kuonekana? Semeni niwasikie."

Wakasema kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Kisha wakavuka barabara.

Mwezi wa kwanza walikuwa wawili watatu kwa wiki. Mwezi wa tatu chumba changu hakikutosha, watu wakasimama hadi nje na paka ndani ya vikapu. Kila aliyeingia kwenye mlango wa kijani aliingia na maswali matatu mdomoni. Mpokea wageni alituambia Daktari alianza kujibu kwa ukali, halafu kwa mzaha, halafu akaiondoa shuka kwenye mashine. Siku moja alitoka nje akasimama chini ya kibao chake, akatutazama. Shangazi alimpungia mkono kwa adabu. Nilijua hakuna tusi aliloliona kubwa kuliko lile.

Alinawiri siku hizo. Lazima niseme ukweli. Watu husema kinyongo humla mwenye nacho. Shangazi kilimnenepesha. Alilala vizuri, akaimba akipiga deki. Kila mdomo ulipofunguliwa mezani kwangu ukaonekana una ugonjwa wa miaka, aligeuka akatazama ng'ambo kama mtu anayeongeza tofali kwenye ukuta.

Halafu akaja mbwa wa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, mpole, msema mizaha, aliyemwita Shangazi "Profesa" na kumletea chai bila kuombwa. Jumanne moja alikuja na mbwa wake, dume kubwa jeusi, lenye uvimbe chini ya jicho la kushoto. Alisema uvimbe huja na kuondoka. Daktari alimpa mafuta ya macho mara tatu, akasema ni mdudu.

Shangazi hakuhitaji hata kufungua mdomo wote. Aliinua pembe ya mdomo tu, akaona. Gego kubwa la juu lilikuwa limepasuka, na mizizi ya gego hilo ndiyo inayofika hadi chini ya jicho. Halikuwa jicho. Lilikuwa jino linalooza kuelekea juu. Aliunusa, akajua limefika pabaya.

Nilitegemea amwambie Kinyozi funga duka, mpeleke sasa hivi kwa yule daktari wa kike wa karibu na kituo cha zimamoto. Alikuwa amewapeleka wengine kwake. Badala yake alimkwaruza mbwa kichwani, akasema, "Jumamosi mlete darasani. Nitakueleza."

Kinyozi alipoondoka nikamtazama. Hakunitazama.

"Shangazi, yule anaumwa."

"Najua."

"Jumamosi ni siku nne."

"Watu lazima waone," akasema. "Mara tatu kapewa mafuta ya macho. Mara tatu. Lazima waone wote kwa pamoja."

Nilinyamaza. Hilo ni langu, na ninalibeba.

Jumamosi ile watu walikuwa zaidi ya thelathini. Uvimbe ulikuwa umeongezeka mpaka jicho limefumba nusu. Shangazi alimpandisha mbwa mezani, akamwuliza Kinyozi mbele ya wote alipewa dawa gani, na nani, na mara ngapi. Kinyozi akajibu kwa uaminifu wake. Ndipo Shangazi akainua mdomo, akawaonyesha lile gego. Alipokuwa anaonyesha, ngozi chini ya jicho ikapasuka, usaha ukatiririka shavuni, na mbwa akalia kilio kirefu ambacho sijakisahau. Watu wakaziba pua. Mmoja akasema, "Na yeye alisema mdudu?" Manung'uniko yakapita chumbani kama upepo kwenye mabati. Shangazi alikuwa amepata alichokitaka.

Katikati ya manung'uniko hayo sauti ikatoka mlangoni. "Na wewe uliyemuua mbwa wangu, unafundisha watu nini?"

Alikuwa Mwalimu. Amevaa vizuri, amenyooka, mkononi ana kikapu chenye mbwa mdogo mpya. Alikuja makusudi. Alisikia kwamba mwanamke yule yule sasa anaitwa fundi wa meno, akaona hawezi kukaa nyumbani na jambo hilo.

Shangazi alipangusa mikono taratibu. Mwalimu naye alikuwa kwenye hesabu yake, wa pili baada ya Daktari.

"Mwalimu," akasema, "mbwa wako alikuwa akila upande gani?"

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Chakula kilikuwa kinamdondoka mdomoni?"

Mwalimu akakitazama kikapu chake. "Alikuwa mzee."

"Kidevu kilikuwa kinalowa? Ulipombeba, ulikuwa unageuza uso pembeni kwa sababu ya harufu?"

Watu waliokuwa wamekaa mbele walimgeukia Mwalimu, na nikaona kuwa walikuwa wanamuuliza hayo hayo kwa macho, maana kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuulizwa. Mwalimu akaweka kikapu chini.

"Mwaka mzima," akasema kwa sauti ndogo.

"Baada ya kuvunjika, Daktari alipiga picha. Unayo?"

"Ninayo. Nimeiweka pamoja na mkanda wake wa shingo."

"Usinionyeshe mimi, utasema nimeisoma ninavyotaka. Mpelekee daktari wa kike wa kule zimamoto. Usimpe kisa. Mwulize swali moja tu, taya hili lilivunjika kwa nini." Kisha akamgeukia Kinyozi. "Nawe nenda naye sasa hivi. Wa kwako ndiye wa haraka."

Walitoka wote wawili na wanyama wao. Siku ileile mbwa wa Kinyozi alilazwa, akapigwa picha, akang'olewa gego. Baada ya wiki jicho lilifunguka na uso ukawa sawa. Kinyozi alituletea mikate mitamu na shukrani ambazo Shangazi alizipokea akitazama sakafu.

Mwalimu hakuonekana kwa siku tisa. Siku hizo tisa Shangazi hakuimba. Alikuwa kama mtu aliyetega mtego akasikia kichaka kimetikisika. Siku ya kumi, Jumanne, Mwalimu aliingia peke yake, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu.

"Amesema mfupa ulikuwa mwembamba kama ganda la yai," alisema. "Amesema umevunjikia palepale kwenye shimo la jino. Nikamuuliza, je, akidondoka kutoka mezani? Akaniambia angalau kidevu kingechubuka. Wangu hakuwa na mchubuko hata mmoja. Nilimwosha mwenyewe siku ile jioni, kila mahali."

Shangazi akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nikaenda kwa Daktari. Nimefundisha miaka thelathini na sita. Mtoto anayedanganya huanza kujibu swali ambalo hajaulizwa. Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi. Akanijibu kwamba meza ilikuwa na maji. Sikuwa nimemuuliza habari za meza." Akamtazama Shangazi usoni. "Nilikutukana mbele za watu. Nisamehe."

"Bado," Shangazi akasema.

Niliona aibu, nikainamia cherehani. Mwalimu hakuudhika. Nadhani alimheshimu zaidi kwa jibu hilo. "Unataka nini?" akauliza.

"Siku ile mlikuwa kumi na mmoja kwenye mabenchi. Nataka aseme palepale, Jumamosi, saa ileile, mabenchi yakiwa yamejaa. Aseme alichofanya."

Mwalimu akainuka, akaenda ng'ambo. Alimwambia Daktari achague: ama aseme kwenye ukumbi wake, ama yeye Mwalimu aandike kwa baraza la madaktari wa wanyama na kuambatanisha picha pamoja na maelezo ya daktari wa kike.

Jumatano Daktari alikuja kwetu. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka barabara ile. Alikuwa na barua iliyochapwa, yenye muhuri. Alisimama mlangoni kama mteja asiyejua bei. "Nimeandika kila kitu," akasema. "Kwamba hukuwa na kosa. Waweza kuionyesha popote. Na kazi yako ipo, ukitaka kurudi hata kesho."

"Barua haina sauti," Shangazi akamwambia. "Ulinifukuza kwa sauti."

"Tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili."

"Ndiyo. Ulikuwa unaijua hesabu hiyo siku ile?"

Daktari alikuwa amekonda. Kwa sekunde moja nilimkumbuka akiwa na jeneza begani, na nadhani Shangazi naye alikumbuka, kwa sababu uso wake ukawa mgumu zaidi badala ya kulainika. Akarudi kwenye kitambaa alichokuwa anakikunja. Daktari akaondoka na barua yake.

Jumamosi tulivuka. Shangazi alivaa gauni la kijivu nililomshonea mwenyewe, lenye kola. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na Mwalimu alikuwa amewatafuta baadhi ya wale kumi na mmoja, akawapata saba. Daktari akatoka chumba cha ndani. Hakuwa na koti jeupe. Akasema, akiangalia ukuta, kwamba mwaka jana, mbwa wa Mwalimu hakudondoshwa na mtu. Kwamba yeye ndiye aliyemvunja taya, kwa kung'oa jino bila picha, baada ya msaidizi wake kumwonya. Kwamba alimsingizia kwa kuogopa.

Mzee mmoja benchi la nyuma akaweka mkono sikioni. "Nani kavunja?"

Daktari akamtazama Shangazi. Nadhani alitegemea amhurumie, aseme imetosha.

"Mzee hajasikia," Shangazi akasema.

Akarudia yote, kwa sauti ya juu, neno kwa neno. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho na mikono yake imetulia tumboni, kisha akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea mzigo na kukuta umetimia, akatoka nje.

Watu wanapenda kuniuliza kama alisikia utupu baadaye. Wanataka nijibu ndiyo. Alikula sahani mbili mchana huo, akalala, akaamka anacheka peke yake. Wiki nzima alikuwa hivyo. Kama kisasi hakina ladha, basi Shangazi alidanganya vizuri sana.

Ila Jumatatu ya pili baada ya hapo, Kinyozi alikuja na chai. Alikuwa amesikia habari kama mtaa wote. "Profesa," akasema, "umemnyoosha. Na mimi sitasahau, wewe ndiye uliyemwokoa mbwa wangu."

Shangazi aliipokea chai akaiweka mezani bila kuionja. Kinyozi alipokwenda zake, Shangazi aliitazama chai mpaka ikapoa. Kisha akainuka akatoka, na mimi nikamfuata kwa kuwa sikupenda jinsi alivyotoka. Akaingia dukani kwa Kinyozi. Viti vyote vitatu vilikuwa na watu, wawili wamepakwa sabuni, na wengine wanangoja kwenye benchi.

"Nina neno," Shangazi akasema akiwa wima katikati ya nywele zilizonyolewa. "Ile Jumanne nilijua jino la mbwa wako linamtafuna. Nilijua ilipasa aende siku ileile. Nilimweka siku nne ili watu wamwone akiwa amevimba. Kilio kile ulichokisikia, ni mimi niliyekitaka."

Kinyozi alikuwa ameshika wembe. Aliufunga taratibu, akauweka kwenye rafu mbele ya kioo. Hakumwita Profesa. "Mbwa hakuwa akilala usiku," akasema. "Siku zote nne. Nilikuwa nakaa naye sakafuni."

"Sikujua hilo. Lakini ningejua, nadhani ningefanya vilevile."

"Toka," Kinyozi akasema, bila kelele.

Tangu hapo hamsalimii. Anapita upande wa pili wa barabara, na mbwa wake naye, mwenye uso mzuri sasa, anataka kuvuka aje kwetu na anavutwa kamba. Anawaambia wateja wake jambo lile, na baadhi yao wameacha kuja Jumamosi. Chumba kimepungua watu, ingawa Mwalimu hakosi na yule mbwa wake mpya, ambaye meno yake ni meupe kama mchele. Daktari bado yupo ng'ambo. Anapiga picha, analaza, anasafisha chini ya fizi, na Shangazi anaitikia salamu zake kwa kiasi ambacho adabu inadai, si zaidi.

Juzi nilimwambia Shangazi amwendee Kinyozi, ambembeleze, ampelekee hata watu wa kumwombea msamaha. Alikuwa anamswaki Mjane, upande wa kushoto.

"Mwache," akasema. "Ana haki ya kunichukia. Na anafanya kwa upole mno. Mimi ningekuwa yeye, ningekwisha kuhamia chumba kinachotazamana na hiki."

Akamgeuza Mjane, akaanza upande wa kulia.